Kikapu cha Pili

Alhamisi, 13 Juni

Baba Mkubwa amepiga simu kutoka Jakarta. Imeamuliwa! Mnara wa ukoo umebaki kupakwa rangi tu, kwa hiyo mwisho wa mwezi huu Babu anafukuliwa. Mifupa itaoshwa, itapandishwa mnarani, ngoma siku mbili, nyati mmoja, nguruwe wa kutosha kijiji na nusu. Aliniambia niweke simu kwenye spika ili kibanda kizima kisikie. Kikasikia. Wanywa kahawa wangu walipiga makofi kana kwamba nyama imeshaiva.

Shangazi Basaria alilia kwa furaha. Miaka kumi na tisa kaka zake wamemwacha baba yao chini ya bamba la zege kama mtu asiyezaa. Sasa atalala juu, kwenye vigae vyekundu, akiwachungulia majirani na ziwa lote. Alinikumbatia, akaniambia mjukuu wa kike ndiye hupokea mifupa ukingoni mwa kaburi, na mjukuu huyo ni mimi. Nitavaa vizuri kwa mara moja, akasema, siyo hii fulana ya kampeni.

Baba peke yake hakupiga makofi. Aliweka kikombe chini, akaenda kupalilia vitunguu. Saa saba mchana! Nani anapalilia saa saba?

Mimi nimefurahi, niseme ukweli. Hapa kijijini hakuna kinachotokea.

Jumapili, 16 Juni

Baba hataki.

Amesema leo baada ya kanisa, mbele ya Shangazi na mzee wa kanisa. Eti amemwota Babu, na Babu anasema asisumbuliwe. Mzee wa kanisa akamjibu kwamba wafu wote husema hivyo mpaka wasikie harufu ya nyama. Basi Baba akabadilisha: mifupa itakuwa imeshaoza, tuchukue udongo kidogo wa juu, tuuweke kwenye kikapu, tuupandishe huo. Watu hufanya hivyo mifupa ikikosekana.

Shangazi alimcheka.

"Baba Tio, mzee alikuwa mifupa mitupu hata akiwa hai. Utamkosaje?"

Baba hakucheka. Alisema tena, udongo unatosha. Shangazi akaacha kucheka pia. Walitazamana, na nilikuwepo katikati nimeshika sahani ya ndizi za kukaanga kama mjinga.

Nadhani ni aibu. Kaka yake anagharamia kila kitu, yeye hana cha kutoa ila vitunguu. Wanaume!

Jumanne, 18 Juni

Mafundi wa mnara wanalala kwenye hema hatua chache kutoka kaburini. Leo walipokwenda kula walimwacha mmoja mwenye tumbo la kuendesha. Huyo ndiye aliyemkuta Baba anapiga bamba la Babu kwa mtaimbo. Peke yake, shati limelowa. Baba akasema anapima unene wa zege ili kuwarahisishia kazi. Wamekuja kibandani kunisimulia, wanacheka mpaka kahawa inawatoka puani: baba yako hataki zamu, anataka Babu awe wake peke yake.

Nikacheka nao. Halafu nilimwona anarudi nyumbani, viganja vimechubuka, na sikuweza kucheka tena.

Hakuna atakayegusa kaburi kabla ya Mjomba Jabangun, Baba anajua hilo kuliko mimi. Bibi alitoka kwao kina Mjomba. Mama naye alitoka kwao — Baba alioa kwa wajomba zake kama adabu inavyotaka. Jembe la kwanza ni la ukoo ule. Ukilipiga wewe, umewatukana.

Nimemtaja Mama humu daftarini. Basi lipite.

Alhamisi, 20 Juni

Shangazi alikuja kuchambua mchele wa sherehe. Akiwa na tambuu mdomoni husimulia mpaka uombe msamaha. Leo alinisimulia jinsi Baba alivyompenda Babu. Walimzika Jumatatu, mvua kubwa. Jumanne Baba akauza nyati wetu wa pekee. Jumatano, udongo haujatulia hata kidogo, akamwaga zege kwa mikono yake, hakutaka msaada. Kijiji kizima kilisema, mtoto ndiye huyo.

Nimeisikia hadithi hiyo tangu nina meno ya maziwa. Leo ndiyo mara ya kwanza nimeitazama.

Kwa sababu Mama aliondoka Jumatatu hiyohiyo. Usiku wa maziko. Nilikuwa na miaka saba, nimelala kwa Shangazi na watoto wengine. Asubuhi nikaambiwa amepanda lori la mbao na dereva wake, wameelekea Riau. Nililia mwaka mzima, halafu nikaanza kumchukia, na nimemchukia vizuri kabisa. Nilipovunja ungo alinisaidia jirani. Nywele zangu za shule alinisuka Baba, upande mmoja juu, upande mmoja chini, na watoto walinicheka, na kila waliponicheka nilimlaani yeye.

Nani aliliona hilo lori? Sijawahi kuuliza. Nimemuuliza Shangazi leo, kwa sauti ya kawaida, huku napepeta.

Akasema, "Si mimi hapa niliyeliona?"

Ijumaa, 21 Juni

Hapana. Mawazo ya kijinga. Nimekosa usingizi tu.

Jumamosi, 22 Juni

Nimemuuliza.

Nilimfuata kwenye vitunguu. Nikamwambia: Baba, mbona ulikuwa na haraka vile ya kumwaga zege? Sikusema lingine. Nilikuwa naomba anitukane. Angenitukana ningerudi jikoni nikiwa na furaha ya maisha.

Alichuchumaa. Aling'oa magugu, akang'oa na kitunguu, akakitazama. Akasema:

"Siwezi kukuacha uingie pale hujui."

Nataka kuandika alivyosema, lakini hakusema kwa mpangilio. Wageni wa matanga walikuwa wameondoka. Alikuwa amekunywa tembo. Mama alisema anakwenda kwao kwa muda, na anakwenda na mimi. Wakabishana wakiwa juu ya ngazi ya nyumba. Alimsukuma. Mara moja, alisema, mara moja tu, Tio. Chini ya ngazi pana lile jiwe la kunawia miguu. Nalitumia kila siku lile jiwe! Leo asubuhi nimenawia pale!

Udongo wa Babu ulikuwa bado laini. Alifukua mpaka kwenye jeneza, akamlaza juu yake.

Nikamuuliza kwa nini pale, ziwa lote hili lipo. Akasema hakuweza kumtupa. Akasema, pale ni mahali pa heshima, tena ni mtu wa nyumba hii. Na wakati ule tulikuwa maskini, nani angewaza kwamba siku moja ukoo wetu utakuwa na mnara? Kaka yake alikuwa anauza chapati za nyama Jakarta, barabarani. Kaburi la Babu halikuwa la kufunguliwa.

Alilia. Sijawahi kumwona analia, hata matangani. Nilitaka kumshika bega. Mkono ulikwenda wenyewe, nikaurudisha.

Yupo hapa. Miaka yote hii yupo hapa, hatua arobaini kutoka kitandani kwangu, na mimi namlaani huko Riau.

Jumapili, 23 Juni

Nimekwenda kanisani. Nimeimba. Mdomo unajua kazi yake.

Jumatatu, 24 Juni

Sasa ameniambia anachotaka. Alisubiri nimalize kula.

Yeye mwenyewe ndiye atakayeshuka shimoni, ni haki yake kama mtoto. Atachimbua kwa mikono. Kila atakachokipata atanikabidhi mimi, mimi ndiye mwenye ulos, shuka la heshima, nitakipokea ndani yake kama desturi, nitakiosha kwa maji ya ndimu na manjano, nitakiweka kwenye kikapu. Mifupa ya miguu ni mifupa ya miguu, alisema, nani atajua ya nani. Shida ni vichwa. Vitakuwa viwili.

"Cha kwanza ni cha mama yako. Yeye yuko juu. Nikikupa, kifunge ndani ya ulos, usikifunue. Mpe Shangazi yako, yeye atajua. Mimi nitaendelea kuchimba kama bado sijapata kichwa."

Halafu akaniambia, kwa sauti ya mtu anayenipa zawadi, kwamba mwishoni Mama naye atapanda mnarani, mifupa yake imechanganyika na ya Babu. Nitambeba kichwani mwangu mimi mwenyewe, kwa ngoma. Wangapi wamepata heshima hiyo?

Nilimuuliza, kikiwa na ufa je? Kichwa.

"Utakuwepo ufa," akasema. "Usishtuke."

Nimeosha vyombo. Vyote. Mara mbili.

Jumanne, 25 Juni

"Mpe Shangazi yako, yeye atajua." Jana nilikuwa nimechoka, sikulisikia vizuri. Leo limeniamsha.

Nilimkuta Shangazi anakaanga nazi. Nikamwambia najua. Hakuacha kukoroga.

"Unajua nini?"

Nikasema Mama.

"Basi umekua," akasema. Akapunguza moto. "Ngazi niliiosha mimi. Na jiwe pia. Unadhani mwanaume angeweza?"

Nikasema, Baba ameniambia alimsukuma mara moja. Mwiko ulisimama kidogo tu, lakini nilikuona, Shangazi, nilikuona!

"Kama alivyokuambia," akasema. "Mara moja. Sawa."

Niligeuka niondoke. Alinishika kiwiko, akaniketisha, na akaongea nami kwa upole kuliko siku zote. Mama yako alikuwa mtu mzuri. Lakini ameshakwenda. Baba yako yupo. Ukifungua mdomo atakufa jela, ana miaka sitini na tatu. Ukoo wa mjomba wako utakuja na mapanga, na wetu watatoka na mapanga, vijana watauana kwa ajili ya mifupa. Baba Mkubwa ataaibika mbele ya Jakarta nzima. Na wewe? Nani ataoa binti wa muuaji? Hata mwanangu Tumpal, ambaye kila mtu anajua ni wako ukimtaka, nitamkataza.

"Mjomba wako tunamheshimu," akasema. "Lakini mjomba ni mgeni. Wewe damu yako ni hii ya kwetu."

Nikamwambia nusu.

"Nini?"

"Damu. Nusu."

Akanipiga kofi. Halafu akanipa kikombe cha nazi ile ya kukaanga nipeleke nyumbani kwa chakula cha jioni. Nimeipeleka. Tumeila. Ilikuwa na chumvi nyingi.

Jumatano, 26 Juni

Nilikwenda gatini na begi. Nguo tatu, daftari hili, chaja. Feri ya asubuhi ilikuwa tupu, kijana wa tiketi aliniuliza natoroka na nani.

Mzaha tu. Huniuliza hivyo kila siku.

Nilisimama pale. Nikipanda, jioni watakuwa wanasema: kama mama yake. Kibanda kizima kitatikisa vichwa. Shangazi ataongeza lori. Na Jumamosi yeye atashika ulos badala yangu, atapokea kichwa cha kwanza, atajua pa kukiweka. Mama atapotea mara ya pili na safari hii nitakuwa nimemsaidia kupotea.

Nikibaki, ni kimoja kati ya viwili: namficha kwa mikono yangu, au namuua Baba mbele za watu.

Feri iliondoka. Kijana wa tiketi akanipungia mkono.

Nikarudi kufungua kibanda. Watu wanataka kahawa.

Alhamisi, 27 Juni

Baba Mkubwa amefika na magari mawili na miwani ya jua. Kila anayemsalimia anaonyeshwa vigae. Yeye hajui kitu, nimemchunguza, hajui kabisa. Ananiita "mheshimiwa mpokea mifupa". Kwake haya yote ni furaha. Nimemwonea wivu.

Jioni Mjomba Jabangun akaja na watu wake. Amezeeka. Kila mwaka huja na samaki wa manjano kwa ajili yangu, kama mjomba anavyopaswa kumbariki mpwa wake, na kila mwaka anakula haraka na kuondoka kabla watu hawajalewa. Nilikuwa nadhani hatupendi. Leo ndiyo nimeelewa anakwepa nini. Dada yake ni mwanamke aliyekimbia na dereva siku ya maziko ya mkwe wake. Ukoo unaopaswa kutubariki, tunaupa tambuu kwa mikono miwili na kuucheka mgongoni.

Aliniita pembeni, nyuma ya matenki ya maji. Akatoa ulos kwenye mfuko wa plastiki. Nyekundu iliyokolea, pindo nyeusi, imekunjwa miaka mingi mpaka mikunjo haitoki.

"Hii ni ya mama yako," alisema. "Mama yangu aliifuma. Ilikuwa apewe siku akizaa mtoto wa pili. Mimi kila mwaka nikishavuna nakwenda Riau wiki mbili. Nauliza kwenye viwanda vya mbao. Mwaka huu magoti yamekataa. Kaa nayo wewe. Akirudi mimi sipo, mfunike nayo, mwambie nyumbani hakuna aliyekasirika."

Kila mwaka. Wiki mbili. Anauliza kwenye viwanda vya mbao!

Nikamwambia, "Mjomba," na Baba akatokea na kikombe cha tembo, akamkaribisha kwa mikono miwili, akamwita shemeji yangu, ndugu yangu. Walikwenda wameshikana mabega. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini.

Ijumaa, 28 Juni

Saa sita mchana nilikuwa nimeamua. Naandika ili nisije nikajidanganya baadaye: nilikuwa nimeamua kunyamaza.

Asubuhi Baba alikuja na kitana. Alikaa nyuma yangu, akanisuka nywele kwa ajili ya sherehe kama zamani, upande mmoja juu, upande mmoja chini. Nilipojitazama kwenye kioo nilifikiri: huyu ndiye niliye naye. Mama simkumbuki hata sauti. Nitakifunga kichwa ndani ya ulos, nitampa Shangazi, nitabeba kikapu, nitacheza, nitazeeka.

Halafu ngoma ikaanza. Ukoo wa Mjomba ukaingia kwa mstari, Mjomba mbele na sinia la samaki, mgongo umenyooka, anatazama mbele tu. Wenyeji tukainama kupokea baraka. Ilikuwa nzuri. Niseme ukweli, ilikuwa nzuri sana.

Baba Mkubwa ndiye aliyekuwa na kipaza sauti. Alikuwa ameshakunywa. Akashukuru kwa samaki, akashukuru tena, halafu akasema:

"Shemeji, safari hii mmemfunga vizuri huyu samaki? Maana wa kwenu tunawajua. Usiku ukiingia, wanapanda lori!"

Watu mia mbili. Kwanza kimya — mtu hamtanii mjomba hivyo, hata mlevi anajua. Halafu mmoja akacheka, kisha wote. Wapiga ngoma wakacheka. Mjomba alibaki ameshika sinia. Alitabasamu. Tabasamu la mtu aliyezoea, na mikono ikamshuka kidogo, mchuzi ukamwagika kwenye vidole vyake.

Nikamtazama Baba.

Alikuwa anacheka. Hakucheka kwa kulazimishwa, wala kwa kuogopa. Alirudisha kichwa nyuma, akapiga paja lake. Amecheka hivyo miaka kumi na tisa, ndiyo maana kicheko kinamtoka kwa urahisi hivyo.

Nilipokea sinia kwa Mjomba. Nikamfuta vidole kwa khanga yangu. Akasema, ahsante mama, siyo kitu.

Jioni nimekwenda dukani. Nimenunua mita mbili za kitambaa cheupe. Muuzaji akaniambia Shangazi yako ameshanunua. Nikasema najua.

Jumamosi, 29 Juni

Kumekucha. Ukungu bado uko ziwani. Naandika jikoni, nimekaa kwenye gunia la mchele, kazi yangu ni kukata ndimu.

Mjomba ameshapiga jembe lake. Mara tatu, kwenye kipande cha udongo kando ya bamba, akaomba ruhusa ya marehemu, sauti yake nzuri. Kisha Baba Mkubwa kwa ajili ya picha. Kisha mafundi wakawasha mashine ya kuvunjia zege na kila kitu kikatetemeka, hata vikombe humu ndani. Mchungaji amesogea mbali kwa sababu ya vumbi.

Shangazi aliniletea kikapu. Kizuri, kipya, kitambaa cheupe ndani. Akaniangalia usoni muda mrefu. Nikamwambia nimeelewa, Shangazi. Akanibusu kwenye paji.

Alipotoka nikatoa cha pili. Ni kile cha kibandani ninachowekea ndizi. Nimekisugua, nimetandika kitambaa changu, na juu ya kitambaa ulos ya Mama. Nimeviweka sambamba mezani.

Mikono inanuka manjano. Siogopi. Uongo — naogopa sana. Nimekwenda chooni mara nne.

—

Mashine imezimwa. Bamba limetoka. Wanachimba kwa jembe sasa, nasikia udongo unavyotupwa.

Baba aliingia kunywa maji kabla ya kushuka. Amevua viatu. Akaviona.

"Cha nini hicho?"

Nikasema, "Cha Mama."

Mara ya kwanza kumtaja mbele yake bila kunong'ona. Nje wako watu kibao, angeweza kusikia mtu yeyote. Alitazama mlangoni. Nilifikiri atanipiga, nilifikiri atapiga magoti. Alikichukua kikapu changu, akakiingiza ndani ya kile cha Shangazi, akabonyeza kwa viganja viwili, akabonyeza mpaka vikawa kama kimoja.

"Nimekusuka nywele jana," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Basi."

Akaenda. Nilimwona kupitia dirisha akishuka shimoni, Mjomba amempa mkono asiteleze.

Nimevitenganisha. Ulos ilikuwa imekunjamana, nimeinyoosha. Maji ya ndimu yako tayari, mabeseni mawili. Shangazi amesimama mlangoni, ananitazama naandika, ananiuliza naandika nini saa hizi. Ameviona. Amefunga mlango kwa mgongo wake.

"Toa hicho," anasema. Sauti ndogo kabisa. "Tio. Mwanangu. Toa."

Huko nje ngoma imekatika ghafla. Mtu anaita. Siyo Baba. Ni Mjomba, amesimama ukingoni, ameona yeye kabla ya wote, na anaita kwa furaha:

"Tio, mama, njoo upesi! Kichwa kimeonekana! Lete shuka, njoo umpokee Babu yako!"

Cha kwanza.

Shangazi hajaondoka mlangoni. Nimesimama. Nimebeba vikapu vyote viwili.